Gunia Lililombeba Mama

Nilikuwa na mama mmoja, mume mmoja na pango moja la kujifichia baruti. Mama na mume hawakuweza kuingia pamoja katika lile pango, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu mwaka wa hamsini na sita.

Usidhani walichukiana. Kama wangechukiana ningewapatanisha kwa siku moja, maana mimi Waisiko sikupewa mdomo wa kupambia uso. Tatizo ni kwamba waliheshimiana. Kwetu Wakurya mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamgusi, hali chakula mbele yake wala hataji jina lake, na mama naye hataji la mkwe. Wakikutana njiani mmoja hujitosa porini mpaka mwenzake apite. Ni adabu nzuri sana kwa watu wanaokaa vijiji viwili mbalimbali. Kwenye machimbo ya mawe ni balaa.

Barabara ya kupanda Itiryo ilikuwa inachongwa, na mawe ya madaraja yake yalitoka kwenye kilima chetu. Mama yangu, Wegesa, mjane wa kijiji cha Turwa, alikuwa mpishi wa kambi tangu siku ya kwanza. Alikuwa na sufuria moja kubwa, ya kutosha kumwogeshea ndama, na kuna siku nilihisi anaipenda kuliko mimi. Mimi niligonga kokoto pamoja na wanawake wengine. Kisha Mniko wa Itiryo akanioa, na mwezi mmoja baada ya harusi akaja kuandikwa kazi hapo hapo, kutoboa mwamba kwa mtaimbo na nyundo. Nilimwambia atafute kazi kwingine. Akasema huko kwingine mimi sipo. Nikakubali, maana maneno yalikuwa matamu, na mke wa mwezi mmoja hana akili.

Kambi nzima iligeuka mahali pa kuchekea. Mniko akitaka kwenda kisimani alizunguka kilima chote ili asipite jikoni. Mama akitaka kuja kwenye kokoto alikohoa kuanzia mbali kama mtu mwenye kifua kibovu, na Mniko akisikia kikohozi aliruka popote palipokuwa karibu. Siku moja pakawa na upupu. Alijikuna mpaka jioni, na Gati, rafiki yake wa kushika mtaimbo, akawa anamwimbia wimbo wa ng'ombe mwenye kupe.

Hata mazungumzo walikuwa nayo, lakini ya kupitia vyombo. Mniko alikaa nyuma ya mti na sahani yake, akauambia mti, kwa sauti ya kusikika jikoni, kwamba leo chumvi imepungua. Mama aliigeukia sufuria. Alisema, "Sufuria, mwambie anayelalamika kwamba chumvi imeisha Tarime nzima." Mniko akauambia mti kwamba mboga ni tamu hata hivyo. Mama aliinama kufunika tabasamu lake, nami niliyekaa katikati na kipande cha ugali mkononi nikajiona mwenye bahati kuliko wanawake wote wa wilaya ile. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Baruti ilipigwa mara mbili kwa wiki, saa za mchana. Mwenye kazi hiyo alikuwa Tomaso, mtu mzima wa Nyambureti, mrefu, mkimya, mwenye vidole vitatu katika mkono wa kushoto. Alikuwa na sheria zake na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Filimbi ya kwanza, kila mtu anaweka chini alichoshika. Filimbi ya pili, wote tunaingia pangoni. Pango lenyewe lilikuwa mawe mawili makubwa yaliyoegemeana, mdomo wake ukitazama pembeni, si kwenye mwamba unaopasuliwa, na ndani tulibanana watu kumi na wanane. Hapakuwa na mahali pengine pa kujificha karibu; mwamba mwingine wa maana ulikuwa ng'ambo ya kijito, na kabla hujafika huko jiwe limeshakutangulia.

Baada ya filimbi ya tatu Tomaso aliita majina akiwa bado kule kwenye mwamba, kiberiti mkononi. Kila mtu aliitika "Nipo." Akipata sauti kumi na nane, aliwasha tambi zake za kulipulia baruti, ambazo alizikata ndefu makusudi, akaja kwa kutembea. Hakukimbia hata siku moja, kwa sababu alisema anayekimbia ndiye anayeanguka. Akifika alikaa mlangoni akitupa kisogo na kuhesabu milipuko. Matundu ya baruti yakiwa matano, alitaka kusikia mitano. Asipoipata, hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka yeye mwenyewe aende kuangalia. Wengine walimwona mwoga. Mimi nilimpenda kwa woga ule.

Sasa siku ya kwanza ya Mniko. Filimbi ya pili ikalia, wanaume wakaingia pangoni, naye akaingia. Mara mama akatokea na mwiko wake mkononi. Mniko alimwona miguu tu, akaruka nje kama chura. Mama alipoona mkwe ametoka kwa ajili yake, akasema moyoni mwake haiwezekani, akageuka akaenda kujikunyata nyuma ya kichuguu karibu na jiko. Mniko naye alipoona mama amegeuka, akaona aibu kurudi ndani, akalala nyuma ya toroli la chuma. Majina yalipoitwa, kila mmoja aliitika kutoka hapo alipojificha. Baruti ikalia, mawe yakanyesha, na ndani ya pango palikuwa na nafasi mbili za kutosha watu wanene.

Jioni nilimkalia mama kikao. Alinijibu kwamba hawezi kumfukuza mkwe wake pangoni kama mbuzi. Nikaenda kwa Mniko. Akasema Itiryo nzima itamcheka wakisikia amejificha yeye akamwacha mama wa mke wake nje. Nikamwambia basi ingieni wote. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. Niligombana nao wiki mbili, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka Gati akaniomba nipumzike.

Hapo ndipo nikafanya kosa langu. Tomaso alishaanza kushuku sauti zinazotoka nje, akasema asiyeingia pangoni arudi kwao. Nilijua akigundua, mmoja wao ataondoka, na sikutaka yeyote aondoke. Basi Tomaso alipoita "Wegesa," mimi niliitika kwa sauti ya mama, nzito kidogo, maana sauti zetu zinafanana. Alipoita "Mniko," Gati aliitika kutoka nyuma kabisa. Tomaso akafika, akatupa kisogo, akahesabu milipuko yake. Hivyo hivyo tukaenda mwezi mzima. Mimi nilikuwa nasikia kila jiwe linapoanguka nje na kujiuliza limeangukia mama au mume. Baada ya kila baruti nilikuwa wa kwanza kutoka, nikamwona huyu anakung'uta vumbi kichwani na yule anakimbilia sufuria yake, nikasema asante Mungu, tena kwa hasira. Siku moja nililiona toroli limebonyea mahali ambapo kichwa cha Mniko hukaa. Nilimwonyesha. Akasema toroli ni zuri, limezuia. Nilitaka kumpiga nalo.

Ikaja siku ya matundu matano. Filimbi ya pili ililia mama akiwa amebandika uji wa ulezi kwa ajili ya mchana. Aliuacha motoni akaenda kwenye kichuguu chake. Mniko akalala nyuma ya toroli. Majina yakaitwa, nikaitika mara mbili, Gati akaitika mara mbili. Nilichungulia nje kama kawaida yangu. Nikamwona Tomaso anainama kwenye mwamba, moshi mwembamba ukitoka chini ya mikono yake, tundu la kwanza, la pili, mpaka la tano. Akaanza kutembea kuja kwetu, na kile kichuguu kikamkinga asione jiko.

Na mimi nikamwona mama anatoka nyuma ya kichuguu na kwenda jikoni. Uji ulikuwa unafurika. Hakuweza kuvumilia kuona uji wa watu kumi na wanane unamwagika motoni, akaenda kuuokoa, polepole, akikunja mikono ya gauni lake.

Mniko alimwona vilevile. Nataka niseme ukweli wote kuhusu alichofanya, kwa sababu baadaye watu walikipamba. Kwanza alipaza sauti, lakini mtoto wa watu hakuweza kumwita mama yangu. Akaiita sufuria.

"Sufuria! Baruti imewashwa!"

Mama alisikia. Nilimwona ametulia kidogo. Kisha akajibu, bila kugeuka, kwa adabu zake zote: "Sufuria, mwambie nakuja." Na akaendelea kukoroga.

Nilitoka mlangoni nikapiga kelele, lakini upepo ulikuwa unakuja kwangu na sauti yangu haikumfikia. Tomaso alinisikia, akageuka, akaona, na uso wake ukawa mweupe kwa vumbi na hofu. Alikuwa amebakiza hatua chache tu kutufikia. Hakuweza kurudi na kufika kwa wakati. Mniko ndiye aliyekuwa karibu na mama.

Kwenye toroli palikuwa na gunia la kubebea kokoto. Mniko alilichukua, akalivaa kichwani mpaka kiunoni, akaanza kukimbia bila kuona chochote.

Nilielewa papo hapo. Alikuwa anajificha asimwone mama mkwe wake. Nikasema moyoni wazimu huu wa heshima utatumaliza wote, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kufanya kazi. Upepo nao ulikuwa umetulia, sauti ikamfika. Kushoto! Mbele! Ruka, kuna kuni! Kulia kidogo! Tomaso alinishika nguo kunivuta ndani nami nikashika jiwe la mlango kwa mikono miwili nikaendelea kuelekeza. Mbele, mbele, nyoosha mikono!

Alimkuta. Alimzoa mama begani kama mzigo wa kuni, mwiko ukiwa bado mkononi, na mama, aliyeshikwa na gunia lisilo na uso, alianza kulipiga gunia lile kwa mwiko wenye uji wa moto. Geuka! Rudi! Fuata sauti yangu, mpumbavu wewe, fuata sauti yangu! Sijawahi kumwita mume wangu mpumbavu kwa upendo mkubwa kama siku ile. Alijikwaa mara moja, akainuka. Gati alitoka nusu, akamshika gunia, wote watatu wakaangukia ndani juu ya miguu ya watu.

Tambi ya kwanza ilifika. Mlipuko mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Tukangoja. Wa tano. Hata wakati ule, mkono wake umenikamata nguo, nilimsikia Tomaso anahesabu.

Vumbi likaingia pangoni. Mama alikuwa amekaa chini, macho ameyafumba kwa nguvu, mwiko kifuani.

Akauliza, "Ni nani aliyenibeba?"

Watu kumi na watano walitazama paa la pango. Mniko alikuwa amejibana ukutani, gunia bado kichwani, akihema.

"Ni gunia, mama," nikasema.

Mama akafikiri. "Basi hilo gunia leo lipewe nyama," akasema, akajifunika uso kwa kitambaa, akatoka nje akipapasa mawe.

Tulicheka mpaka wengine wakalala chini. Gati alilia machozi. Tulipotoka tukaacha kucheka. Jiwe la ukubwa wa kichwa lilikuwa limeingia kwenye sufuria likapita chini, na uji ulikuwa umetapakaa mpaka kwenye matawi. Kile kichuguu ambacho mama alikuwa anajikunyata nyuma yake siku zote hakikuwa na nusu ya juu. Niliketi pale chini kwenye uji.

Tomaso alikuja akasimama mbele yangu. Nilimwamkia shikamoo, sijui kwa nini, tulishaamkiana asubuhi. Hakuitika. Aliniuliza tumewaitikia mara ngapi. Nikamwambia ukweli, kwamba ni mwezi mzima, na kwamba kosa ni langu, Gati nilimlazimisha mimi. Nilitegemea atanifukuza. Alininyooshea ule mkono wake wa vidole vitatu.

"Nilikuwa na mdogo wangu katika machimbo niliyofanyia kazi zamani," akasema. "Alirudi kuchukua koti, na rafiki yake akamwitikia. Waisiko, mtu aliyeitikiwa na mwingine, mimi namhesabu ndani, kisha nawasha. Vidole viwili vya mkono huu vilibaki huko nilipokuwa namfukua."

Nililia, na sioni aibu kusema. Mniko alikuja akaketi kando yangu ndani ya uji uleule. Tomaso akatuacha tulie kidogo, kisha akatangaza kwamba baruti haipigwi tena kwenye kilima hiki mpaka wakwe wawili wapate namna ya kukaa pango moja. Barabara ingoje.

Barabara ikangoja siku nne, na habari ikafika Itiryo na Turwa kabla ya jua kuzama. Siku ya pili alikuja baba mkwe wangu, ambaye jina lake hata leo silitaji, na ilibidi nimpokee nikiwa nimegeuka upande. Alikuja kwa sababu kumgusa mama mkwe si jambo la kupita hivihivi. Aliketi jikoni kwenye kinu kilichopinduliwa, akamwuliza mwanawe kama alimwona mama yule. Mniko akasema hakuona hata vidole vyake mwenyewe, alikuwa ndani ya gunia. Baba mkwe akanituma nimwulize mama kama alimwona mtu. Mama, aliyekuwa nyuma ya jiko hatua tano tu na akisikia kila neno, akanijibu kwamba alifumba macho, alichokiona ni gunia, na kama gunia lina mashtaka lije liseme.

Baba mkwe alitaka kuliona gunia. Likaletwa. Lilikuwa na alama nane za mwiko, uji umekauka juu yake. Alilizungusha, akaliweka, mabega yakaanza kumtikisika. Alisema yeye hajawahi kusikia mila inayokataza gunia kumbeba mwanamke. Kilichobaki, akasema, ni kupika pombe ya ulezi, maana mtu aliyepona hapokelewi kwa maji. Ikapikwa. Nyama ikawepo, na fungu la kwanza liliwekwa juu ya gunia, kama mama alivyosema, na Mniko akalila kwa niaba yake.

Lakini pango lilikuwa bado ni moja. Siku ya nne asubuhi mama alikuja amebeba ngozi ya ng'ombe kichwani, ile aliyoilalia siku aliponizaa. Alimpa Tomaso kamba. Wakaitundika katikati ya pango, kutoka jiwe hadi jiwe, kuanzia juu mpaka chini, ikawa kuna upande wa kushoto na upande wa kulia. Nikajiuliza jambo jepesi hivi lilikuwa wapi muda wote nilipokuwa nagombana.

Tomaso hakuridhika na kutundika. Alitufanyisha mazoezi. Alipiga filimbi bila baruti, nasi tukakimbia: wanawake kwanza, mama amejifunika uso, kushoto, akishaketi anakohoa, wanaume wanafuata, Mniko wa mwisho, kulia. Mara ya kwanza Mniko aliingia kushoto. Mara ya pili mama alisahau kukohoa. Mara ya tano tulikuwa tunaingia kwa wimbo, Gati akiongoza, kila mtu anakanyaga kwa pamoja kama ngoma ya harusi, na Tomaso, ambaye hatujapata kumwona akicheka, aliugeukia mwamba akawa na kazi ya ghafla ya kufuta filimbi yake. Sufuria mpya ililetwa. Ile iliyotoboka, Tomaso aliining'iniza mlangoni, ikawa kengele.

Na majina hakuyaita tena kutoka kwenye mwamba. Alikuja mpaka mdomoni mwa pango, akaita huku amesimama pale, kisha ndipo akarudi kuwasha. Mle ndani mlikuwa giza, hivyo alitaka sauti ya kila mtu, tena ya mtu mwenyewe. Alisema atakayemwitikia mwenzake, yeye Tomaso atambeba begani mpaka kwao, na hatavaa gunia.

Tukaendelea hivyo hadi masika yalipokaribia. Tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana. Mama na Mniko walikuwa sasa wanazungumza na ngozi. Ngozi, mwambie huyo mwenye mtaimbo afunge kitambaa puani, vumbi la mawe linakaa kifuani. Ngozi, mwambie mpishi kitambaa kipo. Ngozi, mwambie mke wa mtu aache kuinua mawe makubwa. Hilo la mwisho walilisema wote wawili kwa pamoja, mmoja kila upande, nami nikakasirika kwa kuwa nilikuwa sijamaliza kufurahi.

Baruti ya mwisho ya kilima kile ilikuwa ya matundu saba. Kengele ikalia, tukaingia kwa wimbo, mama akakohoa, wanaume wakaketi. Tomaso akasimama mlangoni akaanza kuita. Nashoni, nipo. Gati, nipo. Matiko, nipo. Alikuwa anaita wanaume kwanza.

"Mniko."

Kimya.

"Mniko."

Kimya tena. Mimi nilikuwa kushoto, mgongo wangu ukigusa ngozi, na sikuweza kuona upande wa pili. Nilitaka kuitika. Mungu anisamehe, ulimi wangu ulikuwa umeshanyanyuka, kwa mazoea tu. Nikaung'ata. Pembeni yangu nilimhisi mama anaigeukia ngozi. Nilidhani ataiita ngozi.

"Mniko," mama akasema, kwa sauti iliyojaa pango lote. "Mwanangu, uko ndani?"

Sijui kama naweza kukueleza. Jina lile hakuwa amelitamka tangu siku ya harusi yetu, na hakutakiwa kulitamka mpaka kufa. Nyuma ya ngozi nikasikia mtu anameza kitu kikubwa kwa taabu.

"Nipo, mama," Mniko akasema. "Nilikuwa natafuna kiazi."

Alikuwa amejificha na kiazi cha kuchoma, kile alichotumiwa na mama mwenyewe, akidhani nyuma ya ngozi haonekani, na kilikuwa kimemjaa mdomoni. Kicheko kilianza upande wa kulia kikahamia kushoto. Gati alikuwa anapiga mgongo wa Mniko ili kiazi kishuke. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, na mtoto tumboni, naapa, aligeuka kwa mara ya kwanza. Mama alijifunika uso wote kwa viganja viwili.

Akanong'ona, "Ngozi, wewe hukusikia kitu."

"Ngozi haikusikia," Tomaso akajibu kutoka mlangoni. "Mimi ndiye nimesikia, na ndivyo ninavyotaka."

Akaendelea kuita upande wetu. Aliita Wegesa, na mama akaitika mwenyewe, sauti yake nzito kidogo. Kisha akaniita mimi, wa kumi na nane. Nikasema nipo. Tomaso akatazama kila mahali mara moja tena, akatoa kiberiti mfukoni, akaenda kuwasha.